Alama Tatu

Ngoie, shika daftari. Wino umeganda,
ipulizie kalamu pumzi kwanza.
Baridi ya mwezi wa sita imepita chini ya mlango usiku kucha
na vumbi la Katuba mgongoni,
na kila kifua humu ndani kimeipokea kivyake.

Ile karatasi mpya ya daktari nimeijaza kama alivyotaka:
umri, mapigo, pumzi kwa dakika,
oksijeni kwenye ncha ya kidole,
je, mgonjwa anajua leo ni siku gani?
Halafu unajumlisha, kama mama anayejumlisha mafungu ya nyanya,
na jumla inakuambia nani atazama kabla ya kesho.

Mzee Kabulo, kitanda cha nne: kumi na moja.
Miaka thelathini mbele ya tanuru la shaba;
mafua yameikuta nyumba imekwisha bomoka nusu.
Pumzi thelathini na nne. Nilihesabu mara mbili,
kiganja changu juu ya blanketi lake,
binti yake akinihesabu mimi.
"Atapona?"
Nikasema Mungu anajua.
Karatasi nayo ilijua, nikaikunja.
Mashine ya oksijeni, ile moja tuliyo nayo, nikampa yeye.
Mpaka hapo hakuna wa kunilaumu.

Kapinga, kitanda cha saba: tatu.
Muuza makala, miaka thelathini na mmoja,
kucha nyeusi hata kifaa cha kidole kikagoma kusoma.
Nikamwosha kwa sabuni, kikasoma tisini na tatu.
Huyu wa kurudi nyumbani Ijumaa, nikasema.
Saa mbili aligomba: chai haina sukari.
Saa nne aligomba: dirisha, mlio wa mashine,
Mzee Kabulo na kukohoa kwake kwa makusudi.
Saa sita alidai nimemwibia franka mia tano,
akazikuta ndani ya soksi, na bado akagomba.

Saa nane nikapita na taa.
Akaniambia, "Asante, dada."

Ngoie, nilisimama pale.
Karatasi haina kisanduku cha asante.
Nikahesabu pumzi: ishirini na mbili, kama mwanzo.
Kidole: tisini na mbili. Homa ileile.
Tatu, bado tatu.
Lakini yule mgombi alikuwa ametoka
akaacha mlango wazi.

Mzee alikuwa amepanda hadi tisini.
Nikamwinua kwa mito miwili na koti langu,
nikamlaza ubavu, kisha nikaivuta mashine.
Magurudumu yake yanalia, unayajua.
Binti akaamka. Hakupiga kelele.
Angepiga kelele ningeweza kumjibu.

Saa tisa na robo Kapinga akashuka,
na mrija puani, hadi themanini na moja.
Bila mrija sijui ningeandika nini hapa.

Sasa ni asubuhi. Mzee ameomba maji,
kwa nguvu zipi, usiniulize.
Binti yake hajanisalimu.
Kapinga anahema kama aliyebeba gunia kupanda mlima,
macho wazi, kimya, mpole mno.

Daktari atauliza kwa nini niliihamisha mashine.
Penye "sababu" nimeandika neno moja: asante.
Atadhani nilisinzia.

Koti langu liache kwa mzee.
Naenda kulala. Lakini ukimsikia Kapinga
akilalamikia chai, au sukari, au wewe,
nipigie simu.
Hata saa sita mchana. Niamshe.