Kalamu ya Getini

Simu inasema: mita tatu.
Mita tatu za wapi, Upanga hii,
ukuta, mtaro, ukuta, kunguru?
Nimepapasa bomba, nimeinua tofali;
siafu wamenipokea kwanza.

"Umepoteza nini, dada?"
Chilewa, mlinzi, rungu kwapani.
Sijapoteza. Natafuta alichoficha
mtu nisiyemjua.
Akacheka. Kisha akainama naye.

Nyuma ya mita ya maji: kikopo,
kinene kama kidole gumba,
ndani karatasi, majina kumi na moja,
la mwisho la masika yaliyopita.

Sina kalamu.
Ya kwake imefungwa uzi
kwenye daftari la wageni,
basi karatasi tukaipeleka getini.
Nikaandika: Tumsifu, mara ya kwanza.
Na Chilewa, polepole, chini yangu,
akajaza saa ya kuingia.