Saa Arobaini na Mbili za Barafu

Januari, Kuusilampi. Jua halikuja kazini.
Tumekaa wanne ofisini, kahawa inapoa,
na mezani kuna wiki moja tu:
saa arobaini na mbili za barafu,
pilau ya watu ishirini mbele ya watu mia.

Veijo wa hoki kaweka kiganja juu ya ratiba:
"Mimi nina vijana mia na sitini."
Armi, wa wale watelezao kwa madoido,
hakupandisha sauti; alitaja medali mwaka kwa mwaka
kama mtu anayevuta tasbihi.
Terhi hakutaja kitu. Ana watoto wanne,
vigari vinne, visu viwili chini ya kila kiti,
na mwanawe Oiva, miaka tisa,
yuko sakafuni anachora nyangumi.

Mimi mhasibu tu. Niliomba karatasi.
Nikasema: tufanye ukumbi mtupu, giza,
nanyi mwaingia mmoja mmoja.
Kila aingiapo mtu tuulize, kaleta nini kisichokuwapo?
Kisha tupange foleni upya.
Watatu wana foleni sita, hazizidi.

Halmashauri hulipa umeme kwa sharti moja,
tulilolisahau kama ufunguo ndani ya koti la mwaka jana:
wawepo wa vigari, na klabu nyingine yoyote.

Veijo, Armi, Oiva: taa ni ya Oiva.
Armi, Veijo, Oiva: taa ni ya Oiva.
Veijo, kisha Oiva. Taa.
Armi, kisha Oiva. Taa.
Ila akitangulia yeye, akangoja gizani,
anayemfuata ndiye awashaye:
mara moja Veijo, mara moja Armi.

Nikapiga hesabu tena, kwa kalamu nyingine,
kana kwamba kosa lilikuwa la wino.
Ishirini na nane. Saba. Saba.

Veijo akavua kofia.
Terhi alicheka hadi akashika meza.
"Ishirini na nane! Hawa wana shule,
Alhamisi wana hospitali.
Tupeni sita. Ila mashine iwe imepita punde,
barafu haijakwaruzwa na mtu."
Na zilizobaki?
"Za Oiva. Mwombeni."

Sasa kila Jumapili yule bwana, mabega kama mlango,
huchuchumaa kando ya penseli za rangi:
"Oiva, naomba Jumanne jioni."
Na mtoto, macho hayatoki kwa nyangumi:
"Armi umemwuliza?"