Tumbo la Ukuta

Fundi Ngwali hakuja na mwiko.
Alikuja na uzi, na jiwe nchani,
akaazima ngazi ya jirani, akauning'iniza mbele ya ukuta
akapima kwa vidole:
juu vinane, chini vinane,
katikati vitatu.
"Una mimba ya vidole vitano," akasema. "Nani kaupa?"

Nikamtaja kaka Nassor, aliyeko Maskati.
Masika yale alituma pesa, tukaupaka saruji,
ukang'ara kama sinia la harusi,
Kajificheni nzima ikatupongeza.

Fundi akacheka bila kufungua kinywa.
"Ukuta wa chokaa hupumua, mwanangu. Nyie mmeuziba pua.
Maji yapanda toka chini, hayaoni pa kutokea,
udongo wa ndani umekuwa uji,
na mawe yaliyoshikana tangu enzi za babu zenu
sasa yanasukumana kama warithi."

Hapo nikatoa methali yangu, kama kila mtu, ya kuziba ufa.
"Hauzibwi ungali unakwenda," akasema.
"Uulize kwanza waelekea wapi."

Akabandika vipande vya kioo juu ya ufa, vitatu,
akaandika tarehe kwa penseli.
Mwezi mzima nikishuka na tochi baada ya alfajiri.
Cha kwanza kizima.
Cha pili kizima.
Cha tatu, kule karibu na choo,
kilikatika Ijumaa, kimya,
kama neno la mtu aliyekwisha kata shauri.

Ndipo zikaja boriti za mikandaa, zikauegemea kwa nje,
wapita njia wakiinama, wengine wakitulaani.
Saruji ikabanduliwa. Nyuma yake ukuta ulikuwa unatoka jasho.
Chokaa iliyolala pipani tangu Rajabu
ikaingizwa kwenye ufa kwa kijiko cha chai.
Vyuma viwili vikapita chumba kizima, ukuta hadi ukuta,
nati zikakazwa robo mzunguko kila asubuhi, basi.
"Utaunyoosha lini?" nikamuuliza.
"Mimi? Hauwezi kurudi ulikotoka.
Nauomba ukae hapa ulipofika."

Nassor akapiga simu. "Umenyooka?"
"Umesimama," nikamjibu.
Kwa muda nikawa nasikia feni yake tu.
Kisha akauliza bei ya vyuma.

Kioo cha nne kina tarehe ya juzi.
Leo sijashuka kukitazama.