Bukta Mbili za Satini

Nilizikata siku moja, kutoka jora moja,
satini nyekundu iliyoingia kwa mlango wa nyuma
mwaka ule sabuni ilipouzwa kwa kunong'onezana.
Ya Pazi Chaurembo wa Keko nikaitia ukanda mweupe,
ya Gaudensi Haule wa Manzese ukanda mweusi,
maana vinginevyo ni nguo ile ile:
kiuno inchi thelathini, wote wawili,
nami sikuwaambia.

Watu husema walichukiana.
Mimi niliyewapima mapaja nasema sijui.
Pazi akiingia dukani huuliza, "Yule Mngoni
ameshapita? Amenenepa?"
Haule naye, pesa kaificha kwenye soksi,
hukaa benchini muda mrefu, kisha:
"Mzaramo anakula nini siku hizi?"
Chuki gani hiyo inayouliza chakula cha mwenzio?

La kwanza Pazi alishinda kwa pointi,
Keko hawakulala.
La pili Haule alimwangusha raundi ya tano,
Manzese wakaazimana vikombe hadi alfajiri.
La tatu jiji lilitaka jibu.
Kinyozi alilitaka, karani wa bandari alilitaka,
nami nililitaka, nisijifanye malaika.
Nilifunga duka saa tisa.

Ukumbi wa Gerezani, feni moja tu inazunguka.
Raundi ya sita niliona ukanda mweupe umelowa,
nikadhani maji.
Ya saba ilipokwisha, Pazi alirudi kwenye kona isiyo yake,
akaketi kwenye kigoda cha Haule.
Tukacheka.
Mungu atusamehe, ukumbi mzima tulicheka,
isipokuwa Haule:
alimshika kiwiko, akamwinua,
akamgeuza taratibu, akamwonyesha kwao.

Kisha kengele.

Alimpiga kwa sababu kengele ilikuwa imelia,
kwa sababu kazi ni kazi,
kwa sababu sisi tulikuwa tumesimama juu ya viti.
Moja, ya kushoto. Wala haikuwa kubwa.
Nimesikia milango ikifungwa kwa nguvu kuliko ile.

Muhimbili alilala siku tatu bila kumwita mtu.
Ya nne wakaja kwangu, wanataka bafta.
Nikakata. Sanda haina kiuno,
haina lastiki, haitaki jina.

Baada ya arobaini Haule akaja na bukta yake,
imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne.
Nyuma nilikuwa nimemtarizia HAULE kwa uzi wa dhahabu.
"Fundi, nifumulie jina."
Nikamwambia, jina likitoka matundu ya sindano yatabaki,
mtu akiinua nguo kwenye mwanga atalisoma.
Akasema, "Fumua."
Nikafumua herufi moja moja, naye kapiga magoti
anaokota nyuzi sakafuni kwa vidole vile,
asiache hata mmoja.

Hakupanda tena ulingoni. Aliziba pancha Buguruni.
Ila kila Januari alinijia na kamba ya katani,
fundo moja la kiuno, fundo jingine la urefu:
sketi ya shule, ya binti wa Keko.
Nani aliyempa vipimo sikuuliza,
mjane naye ana mambo yake.
"Usimwambie mtu."
Sikusema. Kamba ikarefuka mwaka hadi mwaka,
mafundo yakatengana kama watu
wanaoagana polepole.

Januari moja akaja msichana mwenyewe,
mrefu, bega la kushoto limeshuka kidogo
kama la mtu anayelinda kidevu.
Kamba anayo mkononi.
Akasema yule mzee wa pancha amelazwa,
amemtuma achukue vipimo mwenyewe, hawezi tena kuja.
Nikampima. Kiuno inchi ishirini na sita.
Nikaandika, nikaandika tena.
Akaniuliza, "Fundi, huyu alikuwa nani kwa baba?"

Nikainama chini ya cherehani
kutafuta sindano ambayo haikuwa imeanguka.