Mwezi wa Nane, Kaimosi

Leo ni kuvunja mahindi.
Mabua yamekauka, yananong'onezana
kama makarani wa posta bosi akitoka.
Nami nilikuwa karani, miaka thelathini na mmoja,
naujua mnong'ono huo.

Kavulani mbele na panga, mimi nyuma na gunia,
goti langu la kushoto mbele yetu sote kwa malalamiko.
Mstari huu ulilazwa na upepo.
Huu ni wa fuko.
Huu ni wa kima waliotoka msituni Jumapili;
hata wao wanajua Marafiki husali muda mrefu.

Saa nane wingu linainua kichwa upande wa Nandi.
Hatusemi kitu. Tunaharakisha.
Saa tisa: turubai! turubai!
Mahindi yameanikwa uani, kuku wamo ndani yake,
watoto wa Imali wanaruka ua bila kuitwa,
kila mmoja ashike pembe,
na mvua inatukuta tukicheka, nusu ya mazao kavu,
nusu yetu tumelowa.

Bado kuna kung'oa maharagwe,
kukata matete ya ng'ombe,
kupunguza saga iliyobanana kama abiria wa sikukuu,
kubeba samadi hadi kwenye migomba, ndoo kwa ndoo.
Mrenda umejiotea wenyewe njiani.
Nani alikuomba? Haya, kaa.

Jumba mtega fuko alifika na mikia saba
imefungwa kwa uzi wa kushonea magunia.
Mkia mmoja, shilingi hamsini.
Nikamwuliza, huu wa sita si wa wiki jana?
Akatazama mlima.
Nikalipa saba.

Halafu jioni, ambayo ndiyo mshahara wetu.
Mapera yaliyoanguka yananukia hadi mlangoni.
Nduma za kijitoni zinatokota, chai inangoja.
Ardhi iliyolowa inafunguka vitundu vitundu
na kumbikumbi wanatoka kwa maelfu, kama waliosikia tangazo.
Kavulani ameweka taa juu ya karai la maji.
Kikaango, chumvi kidogo, basi.
Bawa moja limemganda mdomoni.
Simwambii.

Usiku tunachagua mbegu:
gunzi nene, mistari iliyonyooka, lisilo na jino pengo.
Tunayafunga kwa maganda yake, mawili mawili,
tunayaning'iniza juu ya meko, moshi uyalinde.
Mvua za vuli zikishika, yatarudi alikotoka.

Nafungua daftari la zamani la vifurushi.
Naandika: magunia kumi na moja, debe moja.
Mwaka jana kumi na matatu.
Sababu: fuko.

Kavulani anasoma begani pangu,
ananichukulia kalamu, anaongeza kwa mwandiko wake mkubwa:
kima, majirani,
na mzee mmoja anayechoma mabichi
kila siku tangu mwezi wa sita
akidhani sisikii harufu.