Ukoo wa Mikunjo

Umeme Arua umekatika tangu magharibi.
Ayikoru anaandika kwa betri,
asilimia kumi na saba.

Mikunjo miwili, milinganyo mbalimbali.
Badili x, sukuma y kidogo:
huu unaingia ule kama kisu alani.
Programu iseme "sawa"?
Aliandika hivyo jana. Leo amefuta.
Kuwa sawa si kuwa mmoja.

Tena ipo ile mingine, mikaidi:
j yao ni ileile,
lakini ukiipa sehemu tu, inakataana.
Ongeza uwanjani kipeuo cha pili cha tano
na ghafla ni ndugu.

Anamkumbuka shangazi, kule Vurra:
kitambulisho chake cha huku, cha dadake cha Kongo.
Kwenye dirisha la forodha, wageni.
Siku ya soko wanapunjana mihogo kwa Kilugbara.

Basi ukoo hautajwi bila uwanja wake.
Anakiongezea kitendakazi swali: juu ya nini?
Kisha ataiachia dunia, bure,
airekebishe atakaye.

Asilimia nne.
Majaribio arobaini, moja limeanguka:
j ya sifuri,
mkunjo ule unaojigeuza mara sita
ukabaki uleule.