Mbili Nyekundu, Mbili Nyeupe

Gereji yetu haijawahi kulaza gari.
Ililaza makopo ya rangi yaliyoganda,
mashine ya kufulia ya Mwanaidi, na sasa
imelaza ndege: haina mbawa wala mkia,
ni pua tu na macho matatu.

Nilianza na mbao. Msumeno niliuazima
kwa mzee Emrys wa nyumba ya pili.
Hakuuliza ni wa nini, alisema tu
mvua ya Newport haimwachii mtu kazi ya nje.
Kiti nilikitoa kwenye gari lililogongwa,
bado kina harufu ya sigara za mtu nisiyemjua.
Mpini wa mafuta ni fimbo ya pazia.
Swichi thelathini na mbili zilikuja kwa posta
ndani ya bahasha moja, zikigongana kama njugu,
na kwa majuma sita nikazivisha nyaya
moja moja, baada ya zamu ya usiku ghalani.

Kisha skrini. Tatu, na hakuna ndugu:
moja ya duka la rehani,
moja iliyotupwa na daktari wa meno,
ya tatu nilinunua mpya, nikaficha risiti.
Nikazipanga kwa uzi na chaki sakafuni,
nyuzi sitini kushoto, sitini kulia.
Usiku wa kwanza upeo wa macho ulikuja na ngazi,
bahari ya kulia imepanda kidole kizima,
kama picha iliyochanwa ikaungwa na mlevi.
Nikakunja karatasi, nikatia chini ya mguu wa skrini.
Nikakunja tena. Bahari ikalala.

"Baba," akasema Mwatumu,
"mbingu ya daktari wa meno ni ya kijani."

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kitabu cha madoa,
kila ukurasa na namba iliyojificha.
Daktari akafunua, nikasema: madoa.
Akafunua. Madoa.
Alikuwa mtu mpole. Alikifunga taratibu
kama mlango wa chumba alimolala mtoto,
akaniuliza kama nimewahi kufikiria uhasibu.

Hayo sikumweleza Mwatumu. Nilimwambia tu:
kaa hapa, bonyeza vitufe hivi,
sema basi mbingu tatu zikiwa moja.
Akakaa saa nzima, ulimi nje ya meno,
akipunguza, akiongeza.
"Basi."
Kwangu hakuna kilichobadilika.
Nikamshukuru kama ashukuriwavyo fundi.

Ijumaa, alipotoka shule, tukaruka.
Mwanaidi akawasha mashine yake makusudi,
na ilipofika kukamua gereji ikatetemeka yote.
"Msukosuko wa hewa," nikawatangazia abiria.
"Suruali zako," akajibu abiria mlangoni.

Wenzangu ghalani huuliza: na hiyo ndege, umeshafika kwenu?
Siendi mbali. Nilitaka kuona paa letu.
Tukalipita kwa futi elfu moja na mia mbili:
mto wa matope, daraja, safu za nyumba,
sanduku lile lile likirudiwa na kurudiwa,
na ndani ya mojawapo sisi,
tukijitazama kwa juu, tusijione.

Kisha njia ya kutua, na kando yake taa nne.
Nyeupe zote, umezidi juu. Nyekundu zote, unaitafuta ardhi.
Kwangu mimi ni nne. Ni nne tu.
"Zisome," nikamwambia.
"Tatu nyeupe."
Nikavuta fimbo ya pazia.
"Mbili nyekundu, mbili nyeupe."
"Hakika?"
"Baba, tua."

Tulidunda mara mbili. Fremu ya kulia ikameza mnara.
Nikazima injini, swichi baada ya swichi,
ingawa moja ingetosha.
Feni ya kompyuta ikaendelea kuhema.
Mwatumu hakushuka. Alikuwa ananitazama mimi,
si skrini, na mikono ameikunja kifuani.

"Baba, sweta yangu hii ni ya rangi gani?"

"Ya shule," nikasema.